Barua kwa Salehe: kompyuta inawaka, skrini nyeusi

Mwanza, Jumapili jioni

Ndugu yangu Salehe,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, mama anaendelea vizuri na mguu wake na anakusalimia sana. Nisalimie shemeji na watoto.

Maelezo yako kuhusu kompyuta mpya uliyojiundia, inayowaka huku skrini ikibaki nyeusi, nimeyasoma, na picha ulizonitumia nimezikuza kadiri zilivyokubali. Imeniuma, maana najua ulivyojinyima kununua vifaa vile kimoja kimoja ili uachane na ile laputopu inayoganda kila ukiunganisha video za harusi. Ila nakuomba, lile neno la jamaa wa dukani kwamba kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, imeungua, usilishike. Hakupima chochote. Kifaa kipya kuja kibovu hutokea, lakini waya ambao haujaingia sawasawa hutokea mara nyingi zaidi, na waya haugharimu kitu kuuchomeka upya.

Unasema feni zote zinazunguka, kwa hiyo umeme upo. Upo, lakini feni huzunguka hata kama prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haijapata umeme wake. Prosesa ina waya wake wa pini 8, unaochomekwa juu kabisa ya ubao mama (ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote), kwenye kona iliyo karibu na feni ya nyuma. Ule mpana wa pini 24, unaolisha ubao wenyewe, hautoshi peke yake. Kwenye picha yako kona hiyo ina giza, sioni kama kuna kitu. Usiuchanganye na waya wa kadi ya picha: ule wa kadi hugawanyika sita na mbili, wa prosesa hugawanyika nne na nne, na mara nyingi huwa umeandikwa CPU, yaani prosesa.

Kitu ninachokiona wazi ni waya wa skrini. Umeuchomeka kwenye ubao mama, pale juu penye matundu ya USB. Prosesa yako, Ryzen 5 5600, haina sehemu ya kutoa picha ndani yake, inayo ndugu yake 5600G. Tundu lile haliwezi kukupa picha na prosesa hiyo, hata kila kitu kingine kikiwa sawa. Hamishia chini, kwenye kadi yenyewe, ambako matundu yamelala. Hakikisha pia kadi imepata umeme wake kutoka pawa saplai, na skrini umeichagulia HDMI, yaani tundu ulilochomeka waya huo, kwenye menyu yake.

Ikibaki nyeusi, nenda kwenye RAM, vile vipande vyembamba vya kumbukumbu, na hapa usiwe na haraka. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha gusa chuma cha kasha kuondoa umeme tuli mwilini. Toa RAM zote mbili. Rudisha moja tu, kwenye sloti ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Linganisha ule mkato wa chini na kizuizi kilichomo ndani ya sloti, kisha kandamiza kwa vidole gumba, huku na huku, mpaka isikike "ta" na lachi ijifunge yenyewe. Inataka nguvu zaidi ya unavyodhani. Wengi huogopa kuvunja ubao, wanaishia katikati, na kwa macho huwezi kujua kwamba upande mmoja umebaki juu kidogo. Isipokubali, jaribu ile nyingine mahali palepale.

Kila ukiwasha, macho yako yawe kwenye ubao, si kwenye skrini. Ubao wako, B450 Tomahawk, una taa ndogo nne zilizoandikwa CPU, DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuwashia). Inayobaki imewaka ndiyo inayokuonyesha mashine imekwama wapi. Taa hizo nazithamini kuliko maneno ya fundi yeyote ambaye hajafungua kasha.

Ikibaki ya CPU na ule waya wa pini 8 umeingia vizuri, hisi zangu zinaenda kwenye BIOS, ile programu ndogo ndani ya ubao inayoiamsha kompyuta. Ubao wako ni wa toleo la 2018, prosesa ni ya 2022. Kama ubao ulikaa stoo muda mrefu bila kuguswa, hauijui kabisa prosesa hiyo, na skrini itakuwa nyeusi wakati hakuna kilichoharibika. Uzuri ni kwamba ubao huo una kitufe nyuma cha kuwekea BIOS mpya bila hata kuhitaji prosesa ifanye kazi. Pakua faili kwenye tovuti ya MSI, kampuni iliyoutengeneza ubao, la ubao wako hasa, liite MSI.ROM, liweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32, chomeka kwenye tundu la USB lililowekewa alama, bonyeza, usubiri taa iache kupepesa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ni hasara, kwa hiyo azima UPS (betri ya akiba) ya ofisini kwenu, au fanya saa ambazo kwenu umeme hauna tabia ya kuchezacheza.

Kadi usiirudishe dukani kwanza. Kesho jioni nipigie kwa video kabla hujawasha, tumulike ile kona ya juu pamoja, halafu uniambie ni taa gani imebaki.

Ni mimi ndugu yako,
Musa