Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: siku ya tisa baada ya kemo

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Arua, Uganda. Mdogo wangu ana limfoma, saratani ya mitoki, na kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, inamsaidia: uvimbe wa shingoni umenywea. Ninachokuandikia ni uboho wake, ule ute wa ndani ya mifupa.

Kemo huua chembe zinazojigawa kwa kasi, na ndani ya mifupa ndimo damu inamotengenezwa usiku na mchana. Chembe nyekundu huishi siku 120, kwa hiyo pengo lake huchelewa kuonekana. Chembe nyeupe za ulinzi hazimalizi hata siku chache. Ndiyo maana kati ya siku ya 7 na ya 14 mgonjwa hubaki bila askari.

Siku ya tisa, usiku, homa ilimpanda. Hospitali tuliyomkimbizia ilimpa dawa ya malaria, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyehesabu chembe. Kwa mtu wa kemo, homa ya nyuzi 38 ni dharura, antibiotiki ya mshipani haifai kungoja hata saa moja. Yeye aliipata kesho yake jioni, baada ya ndugu kuchanga nauli.

Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha trilasiklibu, dawa inayozilaza kwa muda chembe mama za damu ili kemo izipite zikiwa zimetulia. Ni ya aina moja tu ya saratani ya mapafu, nami siidai leo. Nadai filgrastimu, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha kati ya dawa muhimu. Huhimiza uboho kutoa chembe nyeupe upesi. Tuliinunua wenyewe, na kwa kuwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, tuliiweka katika friji ya soda dukani kwa shangazi, tukiomba umeme usikatike.

Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoko Mulago, Kampala, ilianza 1967, ujuzi tunao. Tunaomba filgrastimu ya bure kwa wanaoihitaji katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, kipimo cha damu kinachofanya kazi hata usiku, na kadi mkononi mwa kila mgonjwa: "Niko kwenye kemo. Nikiwa na homa, nipime damu sasa."

Mzunguko wa nne wa mdogo wangu unaanza Jumatatu. Siku ya tisa itakuwa Jumanne ya wiki ifuatayo.

Wako,
Dada wa mgonjwa, Arua