Mtoto wa mbwa azoeshwe mapema kukatwa kucha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe wafugaji wa mbwa jambo ambalo wengi hulikumbuka kucha zikishapinda, nalo ni kwamba mbwa hapaswi kukutana na kifaa cha kukatia kucha kwa mara ya kwanza akiwa mkubwa. Kipindi ambacho mtoto wa mbwa hupokea mambo mageni bila woga mwingi ni kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya umri wake, na ndipo inapofaa aguswe nyayo, masikio na mdomo kila siku, kwa muda mfupi, huku akipewa kipande cha chakula anachokipenda. Kifaa chenyewe kije baadaye: akinuse kwanza, ausikie mlio wake, kisha ikatwe ncha ya ukucha mmoja tu na shughuli iishie hapo.

Ndani ya kila ukucha mna mshipa wa damu na neva. Katika ukucha mweupe mshipa huo huonekana kwa rangi ya waridi. Katika mweusi hauonekani, kwa hiyo hukatwa kidogo kidogo, vipande vyembamba. Mshipa huo ukikatwa, mnyama huumia na hakosi kukumbuka, ndiyo maana sikubaliani kabisa na wanaomkandamiza ili kazi iishe haraka. Ukucha wa pembeni, ule ulio juu kidogo upande wa ndani wa mguu, nao usisahauliwe, kwa sababu haugusi ardhi na hivyo hausagiki kwa kutembea.

Mfugaji wa mbwa