Bei zinaonekana kwenye ukurasa, mbona hazirudi?

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na msimbo ulioambatanisha. Unasema ukurasa unaonyesha bidhaa zote bila shida, kila moja na bei yake ndani ya kisanduku, lakini ukibonyeza Hifadhi seva inapata bei moja tu, tena ya bidhaa ya mwisho. Hifadhidata yako ni nzima na SELECT yako, yaani amri inayosoma data, haina kasoro. Kasoro iko kwenye majina uliyovipa visanduku.

Kwanza achana na wazo kwamba ukurasa bado umeshikamana na hifadhidata. PHP, lugha inayoendeshwa kwenye seva, ikishaandika HTML ya ukurasa na kuituma, kazi yake imekwisha. Haikumbuki kwamba bei ya 4500, kwa mfano, ilitoka kwenye mstari wenye id 17 wa jedwali la bidhaa, na kivinjari hakijui hata kama hifadhidata ipo. Kitufe kinapobonyezwa, kivinjari hukusanya jozi za jina na thamani kutoka kwenye visanduku vya fomu hiyo, kisha huzituma zote kama maandishi. Basi. Kwa hiyo chochote unachotaka fomu iiambie seva lazima kiwe ndani ya jozi hizo, ama upande wa jina, ama upande wa thamani.

Ndiyo maana jina la bidhaa ulilolichapisha ndani ya <td> halimo kwenye $_POST, ile orodha ambamo PHP huweka vilivyotumwa na fomu. Maandishi yaliyo ndani ya <td>, <span> au <p> ni ya kusomwa na macho tu. Kisanduku chenye id pasipo name nacho hakitumwi. Id inatumiwa na JavaScript, CSS na <label>, lakini fomu inatazama name. Umeweka pia disabled kwenye kisanduku cha idadi ili mtu asikibadilishe. Kisanduku chenye disabled hakitumwi kabisa. Ukitaka kisibadilishwe lakini kitumwe, andika readonly.

Sasa turudi kwenye bei. Visanduku vyote umeviita bei. Kivinjari kinazituma zote, moja baada ya nyingine: bei=4500, bei=1200, bei=800. PHP ndiyo inayozipoteza, kwa sababu inapojenga $_POST kila thamani mpya yenye jina lilelile inafuta iliyotangulia, na inayobaki ni ya mwisho.

Watu wengi watakwambia uongeze mabano mraba, yaani name="bei[]". Ni kweli, ukifanya hivyo utapata orodha yenye bei zote, kuanzia namba 0. Lakini nakusihi usiishie hapo. Orodha hiyo haisemi bei ipi ni ya bidhaa ipi, kwa hiyo utalazimika kuongeza kisanduku kilichofichwa cha id[] na kutegemea kwamba nafasi ya 3 huku ni nafasi ya 3 kule. Itafanya kazi mpaka siku utakapoongeza kisanduku cha tiki. Tiki isiyowekwa haitumwi kabisa. Haiji kama 0 wala kama nafasi tupu. Chukua bidhaa tano, na mtumiaji ametia tiki ya "inauzwa" kwenye ya pili na ya tano. Orodha ya bei itakuwa na nafasi 0 hadi 4, orodha ya inauzwa itakuwa na 0 na 1 tu. Ukizioanisha kwa nafasi, utaandika kwamba bidhaa ya kwanza na ya pili ndizo zinazouzwa. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Data inaharibika kimyakimya, na huo ndio uharibifu ninaouogopa kuliko programu kukwama.

Dawa ni kuweka ufunguo wa mstari ndani ya jina lenyewe:

foreach ($bidhaa as $b) {
  echo '<tr><td>' . htmlspecialchars($b['jina']) . '</td>';
  echo '<td><input name="bei[' . $b['id'] . ']" value="' . htmlspecialchars($b['bei']) . '"></td></tr>';
}

Ukurasa utakuwa na bei[17], bei[18], bei[23] na kuendelea. Hata id zikiruka kwa sababu kuna bidhaa zilizofutwa, hakuna kinachovurugika. Upande wa kupokea:

$amri = $pdo->prepare('UPDATE bidhaa SET bei = ? WHERE id = ?');
foreach ($_POST['bei'] as $id => $bei) {
  if (!is_numeric($bei)) continue;
  $amri->execute([$bei, $id]);
}

Hapo $pdo ni muunganisho wako na hifadhidata. Amri inaandaliwa mara moja, nje ya kitanzi, kisha inatekelezwa kwa kila mstari. Zile alama za kuuliza zinahakikisha kwamba alichoandika mtumiaji kinabaki kuwa thamani na hakigeuki sehemu ya SQL. Kwenye msimbo wako naona mysql_query, njia ya zamani ya PHP ya kutuma amri kwa hifadhidata. Iliondolewa tangu PHP 7.0, kwa hiyo mafunzo yoyote yanayoitumia yaweke kando.

Tiki nayo iite inauzwa[17], halafu ndani ya kitanzi hichohicho cha bei uulize isset($_POST['inauzwa'][$id]) ? 1 : 0. Usizungushe kitanzi juu ya orodha ya tiki zenyewe, maana zilizoondolewa tiki hazimo humo na hazitabadilishwa kuwa 0 kamwe. Ukiwa na safu nyingi unaweza kuandika bidhaa[17][bei] na bidhaa[17][idadi], na kila mstari utaupata ukiwa kamili mahali pamoja. Ndani ya mabano hayo ya HTML usiweke alama za kunukuu kama unavyofanya kwenye PHP. Zitaingia kuwa sehemu ya ufunguo na hutauona kwa jina ulilolitarajia. Epuka pia nukta na nafasi kwenye majina, kwa sababu PHP hugeuza bei.jumla kuwa bei_jumla.

Uliuliza pia kwa nini baadhi ya majina yanakatika. Umeandika value bila alama za kunukuu, hivyo kivinjari kinasoma hadi kwenye nafasi ya kwanza na kuishia hapo: "Meza ndogo" inabaki "Meza". Ukitumia nukuu moja hutakuwa umepona, hasa kwa lugha yetu. "Dawa ya kung'arisha viatu" ndani ya value='...' itakatika kwenye "Dawa ya kung". Tumia nukuu mbili na upitishe kila thamani kwenye htmlspecialchars, inayogeuza nukuu na alama za HTML zisomwe kama maandishi tu. Kabla ya PHP 8.1, htmlspecialchars haikugusa nukuu moja mpaka uiambie kwa ENT_QUOTES, kwa hiyo kama seva yako ina toleo la zamani iandike waziwazi. Na tafadhali usiitumie wakati wa kuhifadhi. Hifadhidata ibaki na maandishi halisi; usafishaji huu ni wa wakati wa kuonyesha, la sivyo siku moja utaona &amp;amp; kwenye majina ya bidhaa.

Kuna visanduku visivyofuata mtindo wa value. <textarea> huwekewa maandishi kati ya kufungua na kufunga. <select> huhitaji neno selected kwenye <option> inayolingana na thamani ya hifadhidata. Ukisahau, huonyesha chaguo la kwanza, na mtumiaji akihifadhi bila kuligusa atakuwa amebadilisha data bila kujua.

Tarehe na namba zina mtego wake. Kisanduku cha type="date" kinakubali muundo mmoja tu, mwaka-mwezi-siku, kama 2024-05-03. Ukikipa 2024-05-03 10:00:00 kutoka kwenye safu ya DATETIME kitaonekana kitupu, nacho kitarudi kitupu. Vivyo hivyo type="number" haikubali 4,500 yenye koma. Ukiikwepa kwa kutumia type="text", koma itarudi nayo, na (int)"4,500" kwenye PHP ni 4. Fikiria bei ya 4500 ikigeuka 4 kwa sababu ya number_format, ile inayotia koma kwenye namba. Pamba namba kwa koma kwenye maandishi ya kusomwa tu; ndani ya kisanduku weka namba tupu. Kumbuka pia kwamba fomu haina NULL, yaani alama ya hifadhidata ya kutokuwa na thamani. Safu iliyokuwa NULL itarudi kama maandishi matupu, na ni juu yako kuamua kuigeuza tena kabla ya kuhifadhi.

Kwa JavaScript, kama unataka kukokotoa jumla kabla ya kutuma, thamani iliyomo sasa hivi unaipata kwa .value. Ukitumia getAttribute('value') utapata ile iliyoandikwa na seva mwanzoni, hata kama mtumiaji ameshaibadilisha. .value daima ni maandishi, kwa hiyo "20" + "30" ni "2030". Pitisha kwenye Number() kwanza. Ukirudia id ileile kwenye kila mstari, getElementById itakupa wa kwanza tu, kinyume kabisa na tatizo lako la PHP. Ikikupa null, huenda skripti imekimbia kabla kisanduku hakijaundwa: ongeza defer kwenye faili ya skripti. Na kitufe kilicho ndani ya mstari kinaweza kuufikia mstari wake kwa closest('tr'), kisha querySelector itafute kisanduku cha mstari huo.

Nimeona umeweka <form> moja kwa kila <tr>. HTML hairuhusu fomu kukaa moja kwa moja kati ya <table> na <tr>, na kivinjari huipanga upya kwa namna usiyoitarajia. Weka fomu moja inayozunguka jedwali zima. Ukihitaji kweli fomu kwa kila mstari, ziweke nje ya jedwali kisha kila kisanduku ukiunganishe kwa form="f17", ambapo f17 ni id ya fomu yake.

Jambo moja nalisisitiza kuliko mengine yote. Kisanduku cha type="hidden" hakionekani, lakini si siri, na yeyote anaweza kukibadilisha kwa zana za kivinjari. Vivyo hivyo readonly, na hata ile 17 ndani ya jina. Kwa hiyo seva ihakikishe kila mara kwamba aliyeingia ana ruhusa ya kubadilisha bidhaa hiyo, na bei ya mteja anayenunua isitoke kamwe kwenye fomu. Isome upya kutoka kwenye hifadhidata kwa id.

Jedwali likikua, utakutana na max_input_vars, kikomo cha PHP cha idadi ya thamani inazopokea. Kawaida yake ni 1000. Mistari 300 yenye visanduku vinne ni thamani 1200, na zinazozidi hutupwa, kwa hiyo mistari ya mwisho haihifadhiwi. Gawa ukurasa, uonyeshe mistari 50 kwa mara moja, badala ya kukimbilia kupandisha kikomo.

Kabla ya kubadilisha msimbo, weka hii juu kabisa ya faili inayopokea:

echo '<pre>'; print_r($_POST); exit;

Kisha bonyeza F12 kwenye kivinjari, fungua Network, na utazame kilichotumwa. Thamani ikiwa haimo kwenye Network, kosa liko kwenye HTML: jina halipo, disabled, au kisanduku kiko nje ya fomu. Ikiwa imo Network lakini haimo kwenye print_r, tazama majina yanayofanana au kikomo cha 1000. Ikiwa imo kote kuwili na bado hifadhidata haibadiliki, tazama UPDATE yako na id inayoingia kwenye WHERE. Usishtuke tu rowCount(), inayohesabu mistari iliyoguswa na amri, ikirudisha 0 kwa mtu aliyehifadhi bila kubadilisha kitu. MySQL huhesabu mistari iliyobadilika kweli.

Anza na majina ya bei, ujaribu na bidhaa tatu tu, kisha uongeze tiki. Ukikwama nitumie matokeo ya print_r pamoja na chanzo cha ukurasa kama kivinjari kilivyokipokea, maana faili ya PHP peke yake hainionyeshi kilichoandikwa.

Wako akupendaye,
Rafiki yako