Prado ya zamani: kagua boli jointi za chini kabla ya kununua shokapu

Wenye Prado za 1996 hadi 2002 wengi huja gereji kwetu wakilalamikia shokapu. Gari linagonga kwenye matuta, stelingi haitulii, matairi ya mbele yanalika upande mmoja. Shokapu zinaweza kuwa zimechoka kweli, lakini kwa gari hili sisi tunaanza na boli jointi za chini, yaani viungo vya mviringo vinavyoshika upande wa tairi la mbele kwenye mkono wa chini.

Sababu ni namna lilivyoundwa. Springi ya mbele imekaa juu ya loa am, yaani mkono wa chini, na uzito wa gari unausukuma mkono huo kwenda chini. Boli jointi imefungwa kwa bolti nne chini ya nako, kile chuma kinachobeba habu (kitovu tairi linapofungwa), na shina lake linashuka kuingia kwenye mkono. Kwa hiyo uzito hauikandamizi, unaivuta. Muda wote gari likiwa limesimama kwa miguu yake, kichwa cha mviringo kinavutwa kitoke ndani ya kikombe chake. Kikishalika sana kinachomoka, tairi linalala ndani ya madigadi na gari linakaa chini papo hapo. Afadhali likukute unakata kona kuingia nyumbani kuliko unashuka mlima Kitonga.

Kinachoziua boli jointi ni mchanga na maji. Mpira unaofunika ukichanika, grisi inatoka, uchafu unaingia na kusaga chuma. Ndiyo maana mpira uliochanika kwetu ni sababu tosha ya kubadilisha, hata kama boli jointi bado haijaonyesha mchezo. Na msisubiri mlio: nyingine hukatika bila kugonga hata mara moja.

Kupima si kazi kubwa. Tunaweka jeki chini ya loa am karibu na tairi, tunalinyanyua kidogo, fundi mmoja anapenyeza mtaimbo chini ya tairi na kulisukuma juu, mwingine anaangalia boli jointi kwa tochi. Ikicheza inaonekana. Tukishika tairi juu na chini likatikisika, tunamwomba mtu akanyage breki: likitulia, tatizo ni beringi; likiendelea, ni boli jointi. Mteja anakaribishwa kuchuchumaa aone mwenyewe, na tunapenda afanye hivyo kabla hatujataja bei.

Tunabadilisha pande zote mbili kwa pamoja. Ya kulia na ya kushoto hazifanani, kwa hiyo ukienda maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kununua mwenyewe, taja upande na uende na namba ya chesesi. Bolti nne tunaweka mpya na kuzikaza kwa spana ya kipimo, kwa sababu ndizo zinazobeba kila kitu hapo. Nati ya shina lazima ipate pini yake.

Kuna mambo mawili hatufanyi hata mteja akisihi. Hatufungi boli jointi ya mtumba, maana haijulikani imevutwa miaka mingapi huko ilikotoka. Wala hatuchomelei au kugongagonga kikombe ili kibane. Moto unaharibu ugumu wa chuma, na kinachobana leo hakina kinga yoyote dhidi ya kuchomoka kesho. Tunajua pesa ni ngumu. Kama bajeti haitoshi kwa kazi yote, acha shokapu zisubiri, funga boli jointi kwanza, halafu upeleke gari kwenye alaimenti, yaani kunyoosha matairi yakae sawa, kabla matairi hayajaendelea kulika.