Setilaiti ya Uhuru si jina tu

Mhariri,

Kila inapokaribia Jamhuri Dei hakosi mtu wa kutukumbusha kwamba setilaiti ya Uhuru iliitwa hivyo kwa kuwa ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru. Ni kweli. Ila habari huishia hapo kwenye jina, na mimi niliyefundisha fizikia Malindi hadi nikastaafu naona tunajipunja.

Uhuru ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Eksirei hizo hazifiki ardhini, hewa huzimeza. Wamarekani walioiunda wana viwanja vyao vya roketi, lakini walikuja kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini hapo Ngomeni. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huisukuma roketi bure. Tena chombo kinachozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zenye chaji, ambazo zingekifanya kigunduzi, kile kifaa cha kunasa eksirei, kihesabu visivyokuwepo.

Na kigunduzi chenyewe! Kisanduku cha gesi ya agoni, dirisha la bamba jembamba la metali ya berili, ndani waya wenye volteji kubwa. Fotoni, yaani chembe moja ya eksirei, ikipenya hung'oa elektroni kwenye atomu; elektroni ikivutwa na waya hung'oa nyingine njiani, nazo nyingine, mpaka unapatikana mpigo wa umeme unaopimika. Fotoni ikiwa na nishati kubwa, mpigo nao huwa mkubwa. Mtahiniwa wa Kidato cha Nne huuchora mrija wa Geiger-Müller, wa kuhesabia mionzi, akiwa amefumba macho, na mrija huo ni ndugu wa kisanduku hiki, ila wenyewe huhesabu tu, haupimi nishati.

Kwa vifaa hivyo vilipatikana vyanzo 339 vya eksirei. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilionekana kikibadilika mng'ao ndani ya sehemu ya sekunde. Kitu cha namna hiyo lazima kiwe kidogo mno, wataalamu wakashuku shimo jeusi, lenye mvutano usioachia hata mwanga. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel mwaka 2002.

Vijana wavuvi wa Ngomeni ukiwauliza vyuma vile vya jukwaa ni vya nini, watakwambia ni vya Wataliano, basi. Naiomba Kaunti ya Kilifi iweke ubao pale ufukweni, kwa Kiswahili, wenye mchoro wa kisanduku hicho, si picha ya roketi peke yake. Mchoro nitauchora mimi, bila malipo.

Mwalimu mstaafu,
Malindi