Barua kwa mwanangu anayeanza kazi ya matangazo

Mwanangu mpendwa,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Baba yako anakusalimu, na bibi yako kila siku anauliza kama unakula vizuri. Hongera tena kwa kazi, najua ulivyohangaika kuipata. Juzi kwenye simu ulisema sinema ninazozipenda ni za maroboti na vituko tu. Nikakuahidi nitakuandikia, maana jambo lenyewe linahusu hiyo kazi yako.

Itafute They Live ya John Carpenter, ya mwaka 1988. Ni Los Angeles, Marekani, enzi za Rais Reagan. Kibarua mmoja asiye na makazi, anayeigizwa na mwanamieleka Roddy Piper, analala kambini na wenzake waliokosa pa kukaa, hadi usiku mmoja polisi wanakuja na tingatinga kuibomoa. Baadaye anapata boksi la miwani ya jua. Akivaa, mji mzima unageuka mweusi na mweupe. Bango la kompyuta linasomeka TII. Bango la utalii lenye mwanamke ufukweni linasomeka OA UZAE. Noti mkononi mwa muuza magazeti imeandikwa HUYU NDIYE MUNGU WAKO. Na baadhi ya matajiri wanaopita barabarani wana nyuso za mafuvu, kumbe ni wageni kutoka sayari nyingine.

Wengi huikumbuka miwani. Wewe nataka uutazame ule ugomvi. Jamaa anambembeleza rafiki yake Frank aijaribu, Frank hataki, na wanapigana uchochoroni zaidi ya dakika 5. Wapo wanaosema pale mwongozaji alipoteza muda. Mimi naona sinema yote iko pale. Frank ana mke na watoto Detroit, ana kibarua, hataki matatizo. Si mjinga. Anahisi kwamba akishaona, kesho kazini hapatakuwa kama jana, na mtu anayelisha familia lazima aliogope hilo.

Halafu kuna karamu. Binadamu wamekaa na wale wageni, wanapigiana makofi kwa jinsi kipato chao kilivyopanda. Mmoja wao tulimwona mwanzoni kule kambini, hana kitu, analalamika mbele ya televisheni. Sasa kavaa suti na anawatembeza wengine kwa bashasha. Hakuna aliyemshikia bunduki.

Ipo na ya zamani zaidi, THX 1138 ya George Lucas, ya 1971. Watu wanaishi chini ya ardhi, wamenyolewa vichwa, na ni lazima wameze vidonge vya kuzima hisia. Mhusika mkuu kazi yake kiwandani ni kuunda maroboti ya polisi, yaleyale yatakayompiga. Akizidiwa na mawazo anaingia kwenye kibanda cha kuungama chenye picha ya Yesu, na sauti iliyorekodiwa inamwambia anunue zaidi awe na furaha. Wakifika nyumbani, kile walichonunua wanakitupa kwenye tundu la taka. Mwishoni anatoroka, maroboti yamebakiza kidogo kumkamata, mara inakuja amri: rudini, msako umevuka bajeti. Huruma haikuhusika kabisa. Mwanangu, sijaona sinema iliyoeleza thamani ya mtu katika hesabu za wakubwa kwa uwazi kuliko hiyo.

Kasoro ya Carpenter naiona mwishoni: antena moja ya televisheni, inayorusha mawimbi ya kuwaficha wale wageni, inalipuliwa, na watu wote wanaona. Ni rahisi mno. Leo antena tunaibeba mfukoni na bando tunajinunulia wenyewe. Tangazo la mkopo linamkuta mama saa tano usiku, siku ambayo mtoto wake karudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na vidole vinabonyeza kabla hajapiga hesabu ya riba.

Sikukatazi kazi. Mtu lazima ale, na biashara ya haki inahitaji kutangazwa. Ombi langu ni moja: siku utakapopewa tangazo la mkopo wa simu, andika kiasi cha kulipa kwa herufi kubwa sawasawa na za kiasi cha kukopa. Wakikataa, waulize kwa nini, na jibu watakalokupa niandikie nilisome.

Wasalimie wenzako unaokaa nao.

Mama yako