Malalamiko kuhusu kifurushi cha kipimo cha gluteni kwa watoto wadogo

Mbeya,
14 Julai 2025

Meneja wa Huduma za Maabara,
Tawi la Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: MAELEKEZO YENYE MAKOSA KWA WAZAZI WA WATOTO WA MIEZI 6 HADI MIAKA 5

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wahudumu wa afya ya watoto, wataalamu wa lishe na wa maabara tulioko Mbeya, Iringa na Njombe. Tunalalamikia kipeperushi mnachogawa kaunta, maelekezo ambayo wapokeaji wenu huwapa wazazi kwa simu, na fomu za majibu zinazotufikia kliniki. Kasoro ni nyingi. Moja inazizidi zote, kwa hiyo tunaanza nayo.

Kipeperushi kinamwambia mzazi amwondolee mtoto vyakula vyote vya ngano kwa wiki nne, ndipo amlete apimwe, "ili damu iwe safi". Hapo mmeanza mwisho. Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mwembamba pale mtu anapokula gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano). Kipimo cha damu hakitafuti gluteni. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza kwa sababu gluteni inaendelea kuingia. Mkiiondoa, kingamwili huanza kushuka na utumbo huanza kupona, na mtoto mgonjwa anaweza kupata jibu la "hana tatizo". Mzazi anarudi nyumbani, anampa mtoto chapati, na kuhara kunaanza upya huku cheti chenu kikisema mtoto ni mzima.

Utaratibu unaotakiwa ni kinyume chake. Mtoto aendelee kula ngano kama kawaida mpaka damu itolewe, na kama itafuata endoskopi (kamera ya kuangalia utumbo kwa ndani), aendelee mpaka hiyo nayo ikamilike. Mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, unataka gluteni iwe kwenye zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupima. Mpokeaji wenu akiulizwa "ngano kiasi gani?" asijibu "kidogo tu". Ampe mzazi hesabu. Chapati iliyotumia gramu 60 za unga wenye protini asilimia 10 ina gramu 6 za protini, na karibu robo tatu au zaidi ya protini hiyo ni gluteni, yaani kama gramu 4.5. Nusu chapati asubuhi na andazi jioni ni ngano ya kutosha kwa mtoto anayekula hivyo siku zote. Biskuti moja ya Jumapili haitoshi kitu.

Kosa hili ni zito zaidi kwa umri mnaoulenga. Mtu mzima aliyeacha ngano anaweza kurudishiwa kwa wiki kadhaa kisha akapimwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 5, mwongozo wa ESPGHAN, jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa mfumo wa chakula na lishe ya watoto, wa mwaka 2012 uliwatahadharisha madaktari wasiende kwenye jaribio hilo la kurudisha gluteni bila sababu ya msingi, maana ndio umri wa kukua. Kwa hiyo wiki nne zenu za "kusafisha damu" zinaweza kumfungia mtoto mlango wa jibu la uhakika kwa miaka. Kinachobaki ni kipimo cha vinasaba vya HLA-DQ2 na DQ8. Kama mtoto hana hata kimoja, seliaki karibu haiwezekani kabisa na mjadala unaisha. Akiwa nacho, bado hamjathibitisha lolote, kwa sababu watu wengi wasio na ugonjwa wowote wanavyo.

Halafu mnapima kuanzia miezi 6. Mtoto wa umri huo kwa kawaida ndiyo kwanza anaanza kuonja uji wa mahindi juu ya maziwa ya mama. Kama hajawahi kula ngano, mnatafuta nini kwenye damu yake?

Pili ni karatasi ya vyakula 90. Mmeandika juu yake "kutovumilia chakula", na ndani yake kuna mstari wa gluteni wenye alama tatu za kujumlisha na neno EPUKA kwa wino mwekundu. Kinachopimwa pale ni IgG (aina moja ya kingamwili) dhidi ya vyakula, na IgG ya namna hiyo inaonyesha kwamba mtoto amekula chakula husika. Basi. Jumuiya ya Ulaya ya mzio na kinga, EAACI, ilitoa msimamo mwaka 2008 kwamba IgG4 (tawi mojawapo la IgG) ya vyakula isitumike kutambua mzio wala kutovumilia chakula, na jumuiya za Marekani na Kanada zimesema vivyo hivyo. Msije mkajitetea kwamba hata kwenye seliaki zipo IgG zinazokubalika. Ni kweli zipo, ila ni IgG dhidi ya transglutaminasi (tTG), kimeng'enya cha mwili wenyewe, au dhidi ya gliadini iliyobadilishwa, yaani sehemu ya gluteni, na zina nafasi yake tutakayoitaja. Zenu si hizo.

Mambo matatu mmeyatia kwenye kapu moja. Seliaki tumeieleza. Mzio wa ngano wa kawaida ni wa IgE, aina nyingine ya kingamwili, na mara nyingi hujionyesha ndani ya dakika chache hadi saa mbili: vipele, midomo kuvimba, kutapika, kupumua kwa shida. Huo unataka daktari, historia nzuri, na kipimo cha IgE au cha ngozi. Cha tatu ni kusumbuliwa na ngano bila seliaki wala mzio, na hicho hakina kipimo cha damu popote duniani. Daktari hukifikia baada ya kuyaondoa hayo mawili, kisha kuondoa na kurudisha chakula kwa utaratibu. Anayechapisha "kutovumilia gluteni: +++" anachapisha kitu kisichopimika.

Tatu, hata pale mnapopima kinachostahili, yaani tTG-IgA (IgA dhidi ya transglutaminasi), mnakipima peke yake. Kipimo hicho kinatafuta kingamwili za aina ya IgA. Mtoto ambaye mwili wake hautengenezi IgA ya kutosha anaweza kupata jibu la "hana tatizo" hata kama utumbo umeharibika, na upungufu huo hupatikana zaidi kwa wenye seliaki kuliko kwa watu wengine. Ni sawa na kutupa nyavu kwenye bwawa lililokauka halafu ukatangaza kwamba samaki hakuna. Ndiyo sababu mwongozo wa ESPGHAN wa 2020 unataka tTG-IgA na IgA ya jumla zipimwe pamoja, hata kwa mtoto wa chini ya miaka 2. IgA ikiwa chini kwa umri wake, ndipo mnaingia kwenye zile za IgG tulizozitaja.

Tumesema "kwa umri wake" makusudi. Fomu chache zenye IgA ya jumla zimeandikwa kiwango cha kawaida cha mtu mzima, gramu 0.7 hadi 4.0 kwa lita. IgA ya mtoto hupanda taratibu kadiri anavyokua, na mwenye mwaka mmoja na nusu anaweza kuwa chini kabisa ya 0.7 bila ugonjwa wowote. Mashine yenu inamwekea alama ya "L" (chini) na mzazi anaambiwa kinga ya mtoto imeshuka. Kwa mwenye zaidi ya miaka 3, chini ya gramu 0.2 kwa lita ndiyo inayohesabiwa kuwa upungufu. Kwa mdogo zaidi ya hapo, tumieni jedwali la umri.

Fomu yenyewe inaudhi zaidi. Mstari unasomeka "tTG: POSITIVE". Hakuna namba, hakuna kipimio (uniti), hakuna ukomo wa juu wa kawaida, hakuna aina ya kitendanishi (dawa ya kupimia ya maabara). Daktari afanye nini nayo? Uamuzi wote unaofuata unategemea namba. Ikiwa tTG-IgA imefika mara 10 ya ukomo wa juu au zaidi, na sampuli ya pili ya damu ikaonyesha kingamwili dhidi ya endomisiamu (utando laini unaozunguka nyuzi za misuli), daktari bingwa wa watoto wa mfumo wa chakula anaweza kukubaliana na wazazi kuthibitisha seliaki bila kukata vipande vya utumbo. Ikiwa imepanda lakini haijafika hapo, mtoto anahitaji endoskopi: angalau vipande 4 kutoka sehemu ya chini ya duodeni (kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba) na angalau 1 kutoka mwanzo wake. Tuseme jibu ni uniti 100. Kwa kitendanishi chenye ukomo wa 10, hiyo ni mara 10. Kwa chenye ukomo wa 20, ni mara 5 tu, na mtoto anaenda kwenye endoskopi. Neno "POSITIVE" linaweka watoto hao wawili kwenye foleni moja.

Sasa orodha yenu ya vyakula vilivyokatazwa. Hapa tumekereka kweli. Mmeandika "nafaka zote": ngano, shayiri, mahindi, mchele, ulezi, mtama na uwele. Yaelekea orodha ilitafsiriwa na mtu asiyejua mtoto wa Nyanda za Juu Kusini anakula nini. Mahindi, mchele, ulezi, mtama na uwele havina gluteni ya seliaki. Mtoto wa Kyela akatazwe wali na wa Njombe akatazwe ugali, atakula nini? Ndizi za Tukuyu peke yake hazimlishi mtoto. Mmepiga marufuku hata "kimea cha aina yoyote". Kimea cha ulezi kinachotengeneza togwa hakina shida, na tena kina kazi: kijiko kimoja kikitiwa kwenye uji mzito wa moto wa wastani huulainisha, kwa hiyo unaweza kupika uji wenye unga mwingi zaidi na mtoto akaumeza bila taabu. Kimea chenye gluteni ni cha shayiri, kile cha vinywaji vya kimea vya chupa. Hivyo hamkuvitaja. Wala tambi, soseji, supu za pakiti, mchuzi wa soya, wala unga wa lishe wa pakiti uliochanganywa na ngano. Na neno shayiri mlifafanue, maana madukani watu huita hivyohivyo hata oti, nafaka nyingine.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa. Kipeperushi chenu kinataja udumavu kama "dalili ya gluteni". Katika mkoa ambao chakula kikuu ni mahindi, udumavu wa kiasi hicho hauelezwi na ngano. Mtoto anayehara wiki kadhaa bila kuongezeka uzito anahitaji kwanza kuchunguzwa choo kwa jiadia (kimelea cha utumboni kinacholeta kuhara) na minyoo, kuulizwa kuhusu kifua kikuu, kupimwa VVU, na kuangaliwa anakula mara ngapi kwa siku. Seliaki iwemo kwenye orodha hiyo, hasa kama ana kisukari cha aina ya kwanza, ana ndugu wa karibu mwenye seliaki, au upungufu wa damu haukubali dawa za madini ya chuma. Isiwe peke yake.

Mengine kwa ufupi. Kumfungisha mtoto saa 8 kabla ya kutoa damu hakuna maana kwa vipimo hivi. Mnamletea kilio tu. Mililita 2 hadi 3 za damu ya mshipa zinatosha. Na damu nzima isipakiwe basi la usiku kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800. Ikishaganda, izungushwe kwenye mashine hapa Mbeya, seramu itenganishwe, ndiyo isafiri kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Chembe zikipasuka njiani sampuli inakataliwa na mtoto anachomwa tena.

Tunaomba ndani ya siku 14 kipeperushi kiondolewe kaunta na wapokeaji waache kuwaambia wazazi waondoe ngano. Karatasi ya vyakula 90 isiuzwe tena kwa watoto, na waliolipia warudishiwe fedha. tTG-IgA isitoke bila IgA ya jumla, na fomu ibebe namba, kipimio, ukomo wa juu na kiwango cha umri. Wazazi ambao watoto wao walipimwa wakiwa wameshaacha ngano wapigiwe simu na waambiwe wazi kwamba jibu lile haliwezi kutegemewa. Msiwaambie wairudishe ngano wenyewe nyumbani, hasa kwa walio chini ya miaka 5. Waelekezeni kwa daktari wa watoto wakiwa na fomu zenu zote mkononi.

Rasimu ya kipeperushi kipya mkitutumia kabla hamjaichapa, tutaipitia bila malipo. Tukikaa siku hizo 14 bila jibu, tutaupeleka mfano wa kipeperushi na fomu, zikiwa zimefutwa majina ya watoto, kwenye Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Wenu katika huduma,

Wahudumu wa afya ya watoto,
Nyanda za Juu Kusini.

Nakala: Bodi ya Maabara Binafsi za Afya;
Mganga Mkuu wa Mkoa, Mbeya.